Wimbo wa Kujaribia Vyombo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuja kuomba kazi, nilikuja kuuza michembe. Nyie wa siku hizi mnaofungua pakiti za viazi vya kukaanga, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, unatafuna mpaka taya linakuomba ruhusa. Nilikaa mlangoni mwa ukumbi kule Mtendeni, Tabora. Ndani bendi inafanya mazoezi, nje mie nafanya yangu. Kila mteja namjibu kwa sauti ya yule anayeimba ndani wakati huo. Bwana mmoja akataka nimwongezee, nikamkatalia kwa sauti ya Shabani, mwimbaji wao mkubwa, ile sauti ya kuvuta kama mtu anayetafuta funguo na mlango umeshafungwa: "Eeee, siongeeezi."

Muziki ndani ukakatika. Akatoka Kiongozi wa Bendi. Alikuwa kijana bado, ila amekunja uso kama mzee wa kanisa, maana alianzia kwaya ya Wamoravia kabla ya gitaa kumpotosha. Na alizungumza puani, sauti yote inapitia huko juu, kama mtu anayenusa mboga ya jirani.

"Nani amesema siongezi?"

"Ni mie. Shikamoo."

"Marahaba. Shabani yuko ndani anakunywa maji, nami nimemsikia huku nje. Ingia."

Nikaingia na kapu langu. Akasema niimbe kama Shabani, nikaimba. Akasema niimbe kama mpiga besi, ambaye hata haimbi, anakoroma tu, nikakoroma. Wanaume wakacheka. Akasema niimbe kama yeye mwenyewe, nikaipeleka sauti puani, na hapo mpiga tumba akateremka kwenye kiti akakaa chini kabisa, ameshika tumbo. Kiongozi hakucheka.

"Sasa imba kama wewe," akasema.

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikakohoa.

"Basi," akasema. "Kazi umepata. Wimbo bado."

Sikumwelewa siku hiyo. Jina langu Nyanjige, nilipewa kwa sababu nilizaliwa nzige walipotua shambani kwetu wakala kila kitu, na baba alisema haoni tofauti kati yao na huyu mtoto. Shule sikwenda. Kila nilichojua nilikipata kwa masikio. Kumbe masikio yalikuwa yananiletea watu wote isipokuwa mie mwenyewe.

Niwaeleze kidogo kazi ilivyokuwa, maana naona wajukuu zangu wanadhani muziki unatoka kwenye simu. Jina la bendi silitaji, familia za wenye bendi bado zinaligombania. Kulikuwa na gitaa la solo, hilo ndilo linaloongea. La rithim linakubali kila kitu solo inachosema, kama mume mwema. Besi inanuna chini. Wimbo ulianza polepole watu wasikie maneno, halafu unafika chemko, pale magitaa yanapokimbia na mtu aliyekuja na mke wake anasahau amekuja na nani.

Na kila mwimbaji alikuwa na wimbo wake. Sisemi wimbo anaoupenda, nasema wake. Wimbo ulikuwa na jina lake rasmi, na Katibu wa Bendi alilitangaza kila mara kwa sauti ya tangazo la msiba, lakini hakuna aliyelikumbuka. Watu walisema, "Tupigieni ya Shabani." Hiyo ya Shabani ilihusu mke aliyepanda treni kwenda Kigoma akaacha sufuria motoni, na mume amekaa tu anaitazama inavyoungua, anaona aibu kuiepua kwa sababu majirani watajua hana mke. Ukiimba wewe, ni hadithi ya sufuria. Akiimba Shabani, watu wanalia. Ndiyo maana ya kuwa na wimbo.

Mie niliandikwa mwitikiaji, wa kuitika kiitikio huku nyuma. Ila kazi yangu hasa ilikuwa spea, kama tairi la spea. Bendi nyingine mwimbaji akihama, wimbo wake unakufa, au anapewa mwingine auimbe kwa sauti yake na watu wananuna. Kiongozi wetu alikuwa na utaratibu wake: wimbo wa mtu unaimbwa kwa sauti ya mtu huyo au hauimbwi. Kwa hiyo mwimbaji akishikwa homa, akifiwa, akinaswa na bendi ya mjini, anasimamishwa Nyanjige. Nimewahi kuwa wanaume wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka. Marehemu mume wangu alikuwa anasema amelala na bendi nzima.

Siku moja baada ya mazoezi nilimfuata Kiongozi, nikamwuliza wangu lini.

Akasafisha gitaa lake kwanza, alipenda sana kumngojesha mtu. Halafu akasema, "Nyanjige, wewe unaiga watu. Siku utakayosikia mtu anakuiga wewe, njoo uniambie. Nitakupa mkono."

Alinitamkia puani, taratibu, na mie nikayaweka maneno yale kama yalivyo. Mkono huo niliutaka kuliko mshahara.

Tulizunguka sana. Urambo wakati wa tumbaku, watu wana furaha, Kaliua, Uvinza kwenye chumvi, mpaka Kigoma. Upande wa pili Nzega, Puge, huko kote. Ni ile ile njia ya wapagazi wa zamani. Babu mzaa bibi yangu alibeba mizigo njiani huko mpaka pwani akarudi, na bibi alisema aliyetangulia mbele alikuwa akiita kwa kuimba, "Wa nyuma mpo?" na wa nyuma wanaitika mmoja mmoja, ajulikane aliyebaki porini. Bibi alituita hivyo hivyo shambani. Wengine mabibi zao waliwasimulia sungura, mie wangu alinihesabu.

Basi akaja bwana kutoka Dar kwa treni, miwani ya jua kubwa, anaongea kama redio. "Braza Shabani," anasema, "kipaji kama hiki huku unakifukia." Shabani akafukuliwa, akaondoka naye. Na sisi tulikuwa tumeshaahidi kwenda Ulyankulu.

Wenyeji wetu kule walikuwa wakulima, familia zao zilitoka Burundi, Wakatoliki wa kusali kweli kweli. Tulipiga alasiri uwanjani karibu na ghala la tumbaku. Wakataka ya Shabani. Kiongozi akanitazama, nikasogea mbele, nikavuta ile "eeee" ya kutafuta funguo. Nikawaona watu wanafumba macho. Mama mmoja akashika shavu. Nikaimba sufuria yote mpaka ikaungua, wakapiga makofi bado wamefumba, halafu wakafumbua wakaniona mimi, na gauni langu la maua.

Baadaye mzee mmoja akaja nyuma ya jukwaa na kofia mkononi. Alikuwa na Kiswahili cha upole, kila neno analiweka chini kama yai. "Mama, murakoze," akasema, ndiyo asante yao. "Umetuletea Shabani mpaka hapa. Sasa wewe mwenyewe utakuja lini?"

Nikamjibu kwa sauti ya Katibu kwamba ratiba itatangazwa. Akacheka, akaenda zake. Mie nikakaa juu ya boksi la spika, na kwa mara ya kwanza sikutaka kumwiga mtu.

Fundi Mitambo ndiye bosi wangu wa pili, na yeye alinipa kazi niliyoiona ya kunidharau. Kabla ya dansi lazima mchana vyombo vijaribiwe. Kila maiki inapimwa kwa sauti yake: nzito, nyembamba, ya puani, ya kukoroma. Zamani ilibidi awaamshe wanaume wanne wenye uchovu. Akaona nikiimba mie peke yangu natosha kwa wote. Fundi alikuwa mfupi wa maneno, anaongea huku ana skrubu mdomoni.

"Simama hapo. Imba."

Nikaanza ya Shabani. Akatema skrubu.

"Ya Shabani hapana. Ukiwaimbia ya Shabani mchana barabarani, jioni nani atakata tiketi? Imba takataka yoyote."

Basi nikaimba takataka. Nilichukua ule wito wa bibi, nikaugeuza. Nauliza kwa sauti nzito, "Wa mbele, unanisikia?" Nahamia maiki ya pili kwa sauti nyembamba, "Nakusikia." "Wa nyuma, unanisikia?" Nakoroma kibesi, "Nakusikia." Maneno yakiniishia natazama barabarani, namchukua yeyote anayepita. Mchana wanaopita ni wanawake: wanatoka kisimani, sokoni, shambani, wale ambao jioni hawaji dansini, wana watoto, wana waume wenye wivu. "Mama mwenye kapu jekundu, unanisikia?" Wa kwanza aliyenijibu alikuwa hapa hapa Mtendeni, wala hakusimama. "Nakusikia, nina ugali motoni!" Wenzake wakacheka. Kesho yake nikauweka ugali wake kwenye wimbo.

Ikawa hivyo kila tulikokwenda. Spika zinatazama barabara, mie namwuliza mwenye kuni, mwenye mtoto mgongoni, mwenye kanga ya kuazima, na wao wanaitika wote, "Nakusikia, nina ugali motoni!" Wengine wakaanza kupitia makusudi, wametua ndoo zao, wanangoja kutajwa. Fundi anageuza vitufe vyake, hanitazami. Akimaliza anasema "Tosha," anazima. Nami najiona nimemaliza kufagia, sasa nikajiandae kwa kazi ya kweli.

Kiongozi alichoka kusumbuliwa nami, akanitungia wimbo. Mzuri, sina la kuusema. Unahusu njiwa aliyejenga kiota kwenye paa la stesheni, kila treni ikipita kiota kinatikisika, naye anajenga tena. Alinifundisha yeye mwenyewe, siku nyingi, neno kwa neno. Nikashonewa gauni la buluu. Tukauzindua Nzega, ukumbi umejaa, Katibu akatangaza kwamba sasa mtasikia wimbo wa Nyanjige.

Nikaimba kwa moyo wote. Watu wakasikiliza kwa heshima kama wako misa. Tukafika kwenye chemko, wakacheza kidogo. Nilipomaliza, bwana mmoja wa meza ya mbele akasema kwa sauti, "Hiyo ya Kiongozi ni nzuri, apige tena."

Nikamgeukia mpiga solo. Ameinamisha kichwa anatazama viatu. Ndipo nikajua. Wimbo wangu wa kwanza na wa pekee nilikuwa nimeuimba wote puani. Aliyenifundisha ndiye aliyetoka mdomoni mwangu.

Ukaitwa ya Kiongozi tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe akauimba miaka yote, na watu waliupenda. Alijaribu kunipoza njiani, akasema tutajaribu mwingine. Nikamwambia asihangaike, chungu kikiwa na harufu ya samaki hata chai itanuka samaki. Nilikuwa nachekesha, kama kawaida yangu, ila nilishaamua nikifika Tabora narudia michembe.

Kituo kilichofuata kilikuwa Puge. Fundi akanisimamisha mbele ya maiki jua kali, na mie sina hamu hata ya kupumua. Nikasema tu, sikuimba, "Wa mbele, unanisikia?" Palikuwa na wanawake wametoka kupalilia, majembe begani. Wakasimama wote. Mmoja, ana mtoto wa kike mgongoni, akanijibu kabla sijahamia maiki ya pili. "Tunakusikia, mama. Ongeza."

Nikaongeza. Fundi alipomaliza hakusema tosha, alikaa akaniacha niendelee, na wale wanawake walicheza na majembe yao katikati ya barabara mpaka baiskeli zikapita pembeni. Niliporudi Tabora sikuacha kazi. Sikujua kwa nini sikuacha. Nilisema nitaacha mwezi ujao, na mwezi ujao nao una ujao wake.

Bendi haikufa siku moja. Spika zilichoka, disko likaja na kijana mmoja na sanduku moja mahali pa wanaume kumi na wawili. Waimbaji wakatawanyika. Mie nilirudi kwenye michembe kweli, nikaongeza na asali, nikalea, nikazika mume, nikaimba kwaya parokiani, ambako mwalimu wa kwaya alinikataza kuimba kama padri. Nyimbo za wenzangu zilibaki redioni. Ya Shabani bado inapigwa asubuhi za Jumapili. Ya Kiongozi nayo. Nikizisikia nafurahi, naziitikia jikoni. Ukiniuliza yangu ipo wapi, nilikuwa nasema sikuwahi kuwa nayo, nilikuwa spea. Sikusema kwa uchungu. Tairi la spea nalo linafika safari.

Sasa mwaka huu, baada ya mavuno, mtoto wa mpwa wangu aliolewa Puge. Nimefika mapema nikawekwa kitini kivulini kama mzigo wa heshima. Wanawake wako nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Mbele fundi wa muziki anafunga vyombo, na fundi mwenyewe mwanamke, Kabula jina lake, mwenye watoto wake wawili, suruali imejaa nyaya mifukoni. Spika mbili kubwa kama makabati. Nikangoja aseme "testi, testi, moja mbili" kama wanavyosema wote.

Akachukua maiki, akaikoromesha sauti chini kabisa. "Wa mbele, unanisikia?"

Akaigeuza ikawa nyembamba. "Nakusikia."

"Wa nyuma, unanisikia?"

Na kule nyuma ya nyumba, kwenye moshi, wanawake wote, wazee na mabinti wenye kucha za kubandika, wakaitika kwa pamoja bila kuacha kukoroga, "Nakusikia, nina ugali motoni!"

Miguu yangu ina matatizo, ila sijui nilifikaje pale. Nikamsogelea, akatoa shikamoo yake vizuri. Nikamwuliza huo wimbo gani.

"Hii ya Nyanjige, bibi. Ndiyo ya kujaribia vyombo. Aliyenifundisha mitambo Nzega alijaribia hii, na mama yangu aliijua tangu mtoto. Anasema alikuwa mgongoni kwa bibi walipoicheza hapa barabarani."

"Nipe nijaribu," nikasema.

Akanipa, kwa huruma ya kumpa bibi kizee kitu cha kuchezea. Nikamwimbia ubeti wa kapu jekundu, wenyewe, kama ulivyotoka Mtendeni. Akasikiliza ametega kichwa, mafundi wote wana kichwa hicho cha kutega.

"Unaiga vizuri, bibi," akasema. "Kweli. Ila Nyanjige mwenyewe sauti yake ilikuwa nzito zaidi hapa, pa kapu. Mama anasema."

"Mama yako ana masikio. Na huyo Nyanjige yuko wapi siku hizi?"

"Alishafariki zamani."

"Mungu amrehemu," nikasema, nikamrudishia maiki yake.

Ningeacha hivyo, nilikuwa nimeshiba kabisa. Lakini mpwa wangu akapiga kelele kutoka jikoni, "Shangazi Nyanjige, uji wako unapoa!" Kabula akanitazama. Waya ulimtoka mkononi. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi, na suruali yake, "Shikamoo, shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Marehemu ameitika."

Niliporudi Tabora sikupumzika, nilipanda bodaboda mpaka upande wa Kipalapala, jirani na seminari, ambako Kiongozi analima mahindi yake, au tuseme mahindi yanaota na yeye anayatazama. Amezeeka kuliko mie. Masikio yote mawili yaliliwa na spika, hasikii kitu, anakutazama midomo. Nikakaa mbele yake. Nikaona nimpe habari kwa sauti yake mwenyewe, ya puani, halafu nikakumbuka hatasikia utani wote huo, kazi bure. Basi nikasema kawaida, taratibu, kwa sauti iliyotoka tu.

"Nimekuja kukwambia. Kuna mtu kaniiga."

Akatazama midomo yangu muda mrefu, nikadhani kasahau. Miaka ni mingi, na mtu akiahidi akiwa kijana hajui atafuatwa.

"Nani?" akauliza, puani vile vile.

"Kabula. Fundi mitambo wa Puge. Ile ya kujaribia vyombo."

"Ile takataka ya Fundi?"

"Hiyo hiyo."

Akafikiri. Mdomo wake ukawa unahama hama, nikaona anaitafuta, wa mbele, wa nyuma, mpaka akafika kwenye ugali. Uso ukafunguka.

"Amekuiga vizuri?"

"Vibaya sana," nikamwambia. "Ananifanya nina sauti ya nyati."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Kisha akaweka fimbo pembeni, akajiinua kwenye kiti, kitu ambacho binti yake ananiambia siku hizi hakifanyi bila kushikwa, akasimama wima kama yuko jukwaani, akanipa mkono.